Foleni ya Samunge na Hesabu ya Wafu Wetu

Tarehe 28 Julai 2021, Ikulu jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani chanjo ya UVIKO-19 na kuzindua kampeni ya kitaifa. Siku mbili baadaye, tarehe 30 Julai, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye taifa zima lilimfahamu kwa jina la Babu wa Loliondo, alifariki dunia wilayani Ngorongoro. Habari hizo mbili zilinifikia katika juma moja, na tangu hapo sijaweza kuzitenganisha.

Leo ukitaja Loliondo, watu hufikiria mgogoro wa ardhi. Vijana ninaowafundisha walikuwa watoto wadogo mwaka 2011, na baadhi yao husimuliwa habari za kikombe kama kichekesho cha wazee wao. Kwangu mimi si kichekesho. Katikati ya mwezi Machi mwaka ule nilikuwa mhadhiri msaidizi, nimeajiriwa hivi karibuni, na nilikwenda Samunge. Sikwenda kufanya utafiti, ingawa baadaye nilijaribu kujidanganya hivyo. Nilimsindikiza mjomba wangu, mkulima wa Karatu, aliyekuwa akiugua kisukari kwa miaka tisa.

Tulikodi Land Cruiser watu kumi na mmoja, tukashuka Mto wa Mbu, tukafuata njia ya Engaruka na Ngaresero chini ya Oldonyo Lengai, kisha tukapanda ukingo kuelekea nchi ya Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Wabatemi. Vumbi lilikuwa jingi kiasi kwamba madereva waliwasha taa saa nane mchana. Kabla hatujakiona kijiji tuliikuta foleni. Magari yalikuwa yamepangana kilomita kwa kilomita: mabasi ya Musoma na Mwanza, pikapu za Namanga, magari yenye namba za Kenya, na juu yetu helikopta za waliojiweza. Tulikaa pale siku tatu na usiku nne.

Mambo ya msingi yanajulikana. Mwasapile, aliyekuwa mchungaji wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto mti ambao wenyeji huuita mugariga. Mizizi yake ilichemshwa, mgonjwa akanywa kikombe kimoja tu, kwa shilingi 500, akiwa ndani ya gari au kando yake. Kikombe hicho kilisemekana kutibu kisukari, kansa, pumu, kifafa na UKIMWI, na sharti lilikuwa kwamba ni lazima kitolewe na mkono wake mwenyewe. Askofu Thomas Laizer wa Dayosisi ya Kaskazini Kati alimuunga mkono. Mawaziri na wabunge walikwenda, na picha zao wakiwa na kikombe mkononi zikachapishwa magazetini. Ilipofika tarehe 26 Machi, watu waliokuwa wakisubiri walikadiriwa kuwa 24,000, na Babu mwenyewe akaomba wengine wasije hadi ipite tarehe 1 Aprili.

Watu wa mijini, hasa wasomi wenzangu, walizoea kusema kwamba ile ilikuwa foleni ya ujinga. Mimi niliyekaa ndani yake nasema ilikuwa foleni ya hesabu. Mjomba alikuwa akiuza mahindi kila msimu ili anunue dawa ambazo, kwa maneno ya daktari wake, hazingemponya bali zingemshikilia. Nauli ilikuwa kubwa, lakini hulipwa mara moja. Kikombe kilikuwa shilingi mia tano, nacho kiliahidi mwisho. Mtu aliyewahi kugawa fedha za nyumba moja kati ya ada ya shule na dawa ya sukari hawezi kumcheka mzee yule. Wenzangu wa somo la historia hupenda pia kumtaja Kinjekitile Ngwale na maji ya Ngarambe kila linapozungumzwa jambo la namna hii. Sipendi ulinganisho huo. Maji ya Kinjekitile yaliwaunganisha watu dhidi ya dola. Kikombe cha Samunge kilinywewa na dola yenyewe.

Usiku wa pili mama mmoja mzee alifariki katika gari lililokuwa mbele yetu. Aliletwa na binti yake akiwa amelala kwenye godoro, na alfajiri tulisikia kilio. Wakamfunika kanga mbili. Kijana aliyekuwa akiratibu foleni alifika na daftari lake, akauliza kama gari hilo litaendelea au litageuza, kisha akaikata namba ya gari kwa mstari mmoja wa kalamu na kutuita tusogee. Tukasogea. Sikumbuki mtu yeyote akiuliza jina la marehemu. Mimi sikuuliza.

Vyombo vya habari viliripoti mwezi ule kwamba watu wasiopungua 52 walikufa wakiwa katika foleni au njiani. Tarakimu hiyo imerudiwa mara nyingi, nami huirudia darasani, lakini inatupasa kuitazama vizuri. Ni hesabu ya waliokufa wakienda. Waliokufa baada ya kurudi nyumbani, wakiwa wameacha dawa za kufubaza virusi au vidonge vya shinikizo la damu kwa kuamini kwamba wamepona, hawamo. Serikali nayo, kwa upande wake, haikukaa kimya. Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii mwanzoni ilitaka huduma isimame hadi uchunguzi ufanyike, kisha msimamo ukalegea, askari wakapelekwa kuongoza magari, na wataalamu wakatoa maelezo kwamba dawa ile haikuwa na sumu. Kwamba haina sumu ni jibu sahihi la swali dogo. Swali kubwa, yaani ni wangapi wamepona na ni wangapi wamekufa, lilihitaji kuwafuatilia watu hadi majumbani mwao kwa miezi mingi. Hadi leo hakuna utafiti uliothibitisha kwamba kikombe kiliponya. Ilipotimia mwaka mmoja foleni ilikuwa imeyeyuka yenyewe, na nchi ikageukia mambo mengine bila kujiuliza.

Nchi ile ya Ngorongoro ina historia ndefu ya vifo visivyohesabiwa na wenyewe. Mwezi Machi 1892 msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, alifika katika kreta ya Ngorongoro na kuwakuta Wamasai waliogeuka mifupa mitupu. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, ndui ikafuata kwa binadamu. Wamasai wenyewe huuita wakati ule Emutai, maana yake maangamizi. Makadirio yanayorudiwa vitabuni mpaka leo, kwamba theluthi mbili za Wamasai waliangamia, yanatokana na mpita njia huyo. Hakuwa na rejista wala hakukaa muda mrefu. Aliona, akakisia, akaandika. Miaka zaidi ya ishirini na mitano baadaye, homa ya mafua ya mwaka 1918 na 1919 ilipita Tanganyika ikiwa imechoshwa na vita na njaa. Wanahistoria wamekadiria waliokufa kuwa kati ya 50,000 na 80,000. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ni watu elfu thelathini, sawa na mji mzima wa wakati ule, ambao hatujui kama walikufa au la. Kuhusu Vita vya Maji Maji pengo ni kubwa zaidi: Wajerumani walitaja 75,000, na mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa akafikia kati ya 250,000 na 300,000. Wakoloni walihesabu vizuri kodi ya kichwa. Kichwa kilipoanguka hakikuwa tena na kazi katika vitabu vyao.

Ndiyo maana nilishtuka nilipoona dola huru, yenye vyuo vikuu, maabara na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ikiacha kuhesabu.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa mkoani kwetu Arusha. Shule na vyuo vikafungwa. Tarehe 17 hadi 19 Aprili zikawa siku za maombi ya kitaifa. Tarehe 29 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza wagonjwa 480 na vifo 16. Zanzibar ikaongeza takwimu zake siku chache baadaye, na jumla ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Ikasimama hapo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipewa majina ya watu na kupelekwa maabara kwa siri, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na virusi. Kuanzia hapo mizani yenyewe ilitiliwa shaka, na mtu asiyeamini mizani haoni sababu ya kupima. Siku chache baadaye Waziri wa Mambo ya Nje, Profesa Palamagamba Kabudi, alipanda ndege kwenda Madagaska kuchukua dawa ya mitishamba ya COVID-Organics. Niliitazama picha ya chupa zile nikaikumbuka Samunge. Tofauti ni kwamba safari hii dola ndiyo iliyokwenda kupanga foleni.

Sitaki kumdhulumu marehemu Magufuli. Hoja yake dhidi ya kuwafungia watu majumbani ilikuwa na uzito, na sisi wa Karatu tuliielewa kuliko wengi. Watalii waliokuja Tanzania mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 walishuka hadi laki sita na ushee. Hoteli za njia ya Ngorongoro zilifungwa, wapagazi, wapishi na madereva wakarudi shambani, na wasio na shamba wakarudi kwa wazazi. Mtu anayekula alichochuma leo humfungii ndani bila kumpa chakula. Lakini kukataa kufunga nchi ni jambo moja, na kukataa kuhesabu ni jambo jingine. Kufunga nchi kungegharimu ugali wa watu. Kuhesabu kungegharimu fahari tu. Mambo haya mawili yalichanganywa makusudi, na sisi wasomi tulikubali yachanganywe, kana kwamba anayeuliza idadi ya wafu anadai nchi ifungwe.

Wananchi waliipokeaje hali hiyo? Hapa ndipo wachambuzi wengi wa nje walipokosea, kwa kusema ama kwamba Watanzania waliamini korona imekwisha, ama kwamba walinyamazishwa na hofu. Hofu ilikuwepo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Julai 2020 zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka husika, na kila mwandishi alijua maana yake. Hata hivyo watu hawakuacha kuhesabu. Walihesabu kwa njia zao. Arusha tulisubiri taarifa ya kila siku ya Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, ili tusikie madereva wangapi wa Kitanzania wamekutwa na virusi mpakani Namanga. Tukawa tunazisoma habari za nyumba yetu katika dirisha la jirani. Katika makundi ya WhatsApp zilipita picha za mazishi ya usiku. Lugha nayo ikajitafutia njia: tanzia zikaandikwa kwamba marehemu alipata "changamoto ya upumuaji", na kila aliyesoma alielewa bila kuambiwa. Waumini walipiga nyungu asubuhi wakavaa barakoa mchana, wengine wakivua wanapomwona kiongozi.

Wimbi la mwanzoni mwa 2021 lilikuwa la kutisha kuliko lile la kwanza. Tarehe 27 Januari, huko Chato, Rais alizitilia shaka chanjo, akisema kwamba kama wazungu wangekuwa na uwezo huo wangeshapata chanjo ya UKIMWI na malaria. Tarehe 17 Februari alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikwisha kutangaza wazi kwamba anaugua korona. Siku hiyo hiyo alifariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Chuoni kwetu ubao wa matangazo ulijaa tanzia kiasi kwamba mpya ilibandikwa juu ya ile ya juzi. Nilizika wenzangu wawili katika mwezi mmoja. Katika mazishi yote mawili wasifu wa marehemu ulisomwa kwa ukamilifu, kuanzia shule ya msingi hadi shahada ya uzamivu, na ulipofika kwenye maradhi ukaruka.

Kisha likatokea jambo ambalo ninawaomba wanafunzi wangu waliandike kwa wino usiofutika. Mwanzoni mwa Machi 2021 Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padre Charles Kitima, alisema mbele ya waandishi kwamba ndani ya miezi miwili Kanisa limepoteza mapadre zaidi ya 25 na masista 60. Hakuleta nadharia. Kanisa lina orodha ya watumishi wake, na aliyekufa hukatwa katika orodha na kuombewa kwa jina. Taasisi iliyokuwa na daftari iliweza kusema, na iliposema nchi ikasikiliza, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba mapadre na masista hawafi peke yao. Bunge halikusema vile. Chuo changu hakikusema vile, na orodha ya mishahara tunayo.

Tarehe 17 Machi ilitangazwa kwamba Rais Magufuli amefariki, kwa tatizo la moyo kwa mujibu wa taarifa rasmi. Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, ambayo mwezi Mei ilishauri pamoja na mambo mengine kwamba takwimu zitolewe. Chanjo zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson zikawasili Julai. Serikali ilikuwa imebadilika, na imebadilika kwa dhati. Ila iligundua kwamba mlango ilioufunga kwa amri haufunguki kwa amri.

Nilikuwa Karatu mwezi Agosti, nikawashawishi wazee wa ukoo wachanjwe. Tulikaa chini ya mti wa mringaringa, nikazungumza kwa saa nzima, na nadhani nilizungumza vizuri. Mama mdogo wangu alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mwaka jana mlituambia ugonjwa haupo. Sasa mnasema dawa yake ipo. Ugonjwa ulirudi lini?"

Nikamwambia kwamba si mimi niliyesema haupo.

"Wewe ni msomi wa serikali. Ulisema nini?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa akikumbuka mbali zaidi ya mwaka jana, nami nilijua, kwa sababu yeye ndiye dada wa marehemu mjomba. Tuliporudi kutoka Samunge mwaka 2011 mjomba alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alikunywa chai yenye sukari mbele ya watu wote. Vidonge vyake alivifunga katika mfuko wa rambo akaviweka darini, akasema atampa yule atakayevihitaji. Nilikuwepo. Nilijua, kama kila mtu aliyesoma anavyojua, kwamba ilimpasa angalau aendelee kupima sukari kwa miezi kadhaa. Lakini mawaziri walikuwa wamekunywa, askofu alikuwa amebariki, na kuharibu furaha ya mzee kungeonekana utovu wa adabu. Nikanyamaza. Alifariki mwezi Agosti mwaka ule ule.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivi karibuni ni idadi gani aandike katika tasnifu yake kuhusu vifo vya korona Tanzania. Nilimwambia aandike idadi rasmi, 846, kisha katika sentensi inayofuata aandike kwamba kati ya Mei 2020 na katikati ya 2021 hapakuwa na utangazaji wa takwimu, na baada ya hapo aende parokiani, msikitini na kwenye ofisi za makaburi, kwa kuwa madaftari ya mazishi yapo na hakuna sheria inayomzuia mtu kuhesabu mistari. Kazi hiyo ni ya miaka, na inahitaji watu wengi. Vifo vingi vijijini kwetu havifiki kwenye usajili, kwa hiyo itabidi pia kwenda nyumba kwa nyumba kama tulivyotakiwa kufanya baada ya Samunge.

Nami nilianza na nyumba yetu. Mwaka jana niliomba kuona kumbukumbu za hospitali alikofia mjomba. Karani alilitoa daftari lenyewe, kubwa, jalada lake limetafunwa na mchwa pembeni, tukalifungua katika mwezi Agosti 2011. Jina lake lipo, limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mshazari, umri miaka 61. Katika safu ya sababu ya kifo pameandikwa: kisukari.